Akiba ya Mshono

Daftari langu lina jalada la nailoni
lililoungua pembeni, siku pasi iliponiponyoka.
Humo nusu ya Chake Chake imelala kwa inchi:
mabega, vifua, viuno, na madeni.
Majina siyatazami sana. Nasoma namba.

Shumbana binti Faki, mwaka wa harusi ya dada yake:
kiuno thelathini na moja.
Mwaka alioshika duka la jumla,
akikaa kitako tangu alfajiri hadi magharibi: thelathini na sita.
Baada ya mtoto wa tatu: arubaini.
Kisha arubaini na nne. Hiyo niliiandika kwa penseli,
kwa haya, kama vile kosa langu.

Mwaka ule akaja mbio na gauni la hariri.
"Fundi, bana. Bana hasa."
Siku kumi na nne kanywa ndimu na maji moto
na majani ya pakiti yaliyokuja kwa boti kutoka Unguja.
Macho yamemzama
kama vifungo vilivyokazwa uzi kupita kiasi.
Nikabana. Idi Mosi likamkaa.
Mfunguo Pili ulipoandama, huyo, karudi:
"Fundi, fumua."
Nikafumua. Uzi ulikuwa bado unang'aa.

Tangu hapo kila nguo yake naiwekea akiba,
vidole vitatu vya kitambaa ndani ya mshono,
maana mwili wa mtu ni mgeni,
hujui atarudi lini na mizigo yake.

Halafu, sijui lini hasa, akaanza kupita.
Asubuhi, kabla sijafungua mbao za dirisha,
raba nyeupe chini ya baibui,
anapanda kilima cha Machomane.
Wiki ya kwanza mumewe alimfuata na vespa,
akidhani mke kakasirika.
Wiki ya pili aliiacha vespa.

Akija kuleta sare za watoto, kijana wangu humtilia chai.
"Sukari vijiko vingapi, Bi Shumbana?"
"Viwili." Zamani vilikuwa vinne.
Mvua za masika zikaja, kimoja.
Siku moja akasema, "Usitie,"
akaionja, akakunja uso, akainywa yote.
Kitumbua hakukikataa.
Alikula kimoja, polepole,
kama mtu anayesoma barua kutoka mbali.

Nasikia kwake wali haukufukuzwa,
umesogezwa tu ukingoni mwa sahani;
katikati pamekaa mchicha na dagaa.
Futari, muhogo wa nazi bado upo.
Lakini bakuli ni dogo, na hakuna anayelijaza tena.

Sikwambii njia ilinyooka.
Mamaake alipofariki Kojani,
alikaa huko hadi arubaini ya marehemu,
akirudi, namba imepanda juu tena.
Nikanyoosha mkono kuchukua penseli.
"Andika kwa kalamu," akasema. "Huyu pia ni mimi."
Kesho yake alfajiri, nikazisikia raba.

Arubaini na tatu. Arubaini na moja na nusu.
Arubaini na mbili, kwa kalamu. Arubaini. Thelathini na tisa.
Inchi tano, miaka mitatu:
konokono angecheka, kisha angenyamaza.

Jana kaja na gauni lile la hariri. Linampwaya.
Nimeligeuza ndani nje, mkasi uko tayari.
"Akiba niikate?"
Akaushika mshono, akaupapasa kidogo.
"Niachie kidole kimoja.
Mwanangu anaoa mwakani,
na biriani ya kwetu unaijua."
Tukacheka. Nikakata vidole viwili.

Jioni nikafunika charahani, nikafunga mlango,
nikajizungushia futi mwenyewe, bila taa.
Miaka ishirini na mitano kwenye kigoda hiki,
na mkate wa kumimina wa saa kumi.
Kidole gumba kikasimama. Namba niliijua kwa kugusa.
Nikafungua ukurasa mtupu wa mwisho, nikaandika jina langu.
Nikapapasa mezani, nikashika penseli.
Nikairudisha.
Nikatafuta kalamu.